Fukusi Asiyeruka

Mdudu alikuwa ndani ya chupa tupu ya jemu juu ya meza ya Mkuu wa Kituo. Kila aliyeingia ofisini alimwinamia, akamtazama, kisha akajifuta mikono kwenye suruali ingawa hakuwa amemgusa.

"Fukusi," alisema Mkuu. "Mimi nimekulia kwenye mahindi, fukusi namjua. Marehemu kakutwa nyuma ya ghala la nafaka, ana fukusi kwenye nguo. Mwenye ghala kagombana naye mbele ya mtaa mzima, na kesho yake mtu kafa. Unataka nini zaidi, Inspekta?"

Inspekta aliigeuza chupa taratibu kwenye mwanga wa dirisha. Alikuwa mwanamke ambaye hajafika arobaini, mwenye tabia ya kushika kitu kimoja na kukigeuza mpaka wenzake wachoke.

"Fukusi wa mahindi ni mdogo kama punje ya mchele, Afande. Huyu ana ukubwa wa kiungo cha kidole gumba changu."

"Basi kanenepa. Ghala lile limejaa mpaka mlangoni."

Sajini, aliyesimama karibu na kabati, alicheka. Inspekta hakucheka, ila hakukasirika pia. Mdudu alikuwa mweusi, mwenye michirizi ya rangi ya kutu mgongoni, na mdomo wake ulichomoza mbele na kupinda chini kama mkonga. Miguu yote ilikuwa imekunjwa tumboni.

"Ijumaa jalada linakwenda kwa mwendesha mashtaka," alisema Mkuu. "Kama una la kugeuza, geuza kabla ya hapo."

Maiti ilikuwa ya Fundi Redio, mzee mdogo wa umbo, mwembamba kama antena za redio alizokuwa akitengeneza. Wapagazi walimkuta asubuhi nyuma ya ghala la Bwana Gunia, mahali ambapo njia ya kutoka milimani inaingilia mjini. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Daktari wa polisi alisema ni pigo la kitu kigumu au kuanguka juu ya kitu kigumu, na kwamba alikuwa amefariki jana yake mchana. Kilichomsumbua Inspekta si jeraha. Marehemu alikuwa amelazwa chali, mikono juu ya kifua, na chini ya kichwa mtu amemwekea gunia tupu, limekunjwa vizuri kama mto. Tena soli za viatu vyake zilikuwa karibu safi, wakati mvua ilikuwa imenyesha na uchochoro ule ulikuwa tope tupu.

Alichukua chupa yake akashuka mahabusu.

Bwana Gunia alikuwa mtu wa kifua kipana na sauti ya kuita wateja ng'ambo ya barabara. Ndani ya chumba kile sauti ilikuwa imemwisha. Alikaa ukingoni mwa benchi, mikono katikati ya magoti.

"Uliyasema yale maneno?" aliuliza Inspekta.

"Niliyasema. Aliniambia, wewe utaniua siku moja. Nikamjibu, kufa basi tupumzike. Mtaa mzima ulisikia. Hata mimi mwenyewe nilijisikia nikisema."

"Mlikuwa mnagombania nini?"

"Dawa. Nikipuliza dawa ghalani, harufu inaingia karakanani kwake. Alikuwa anashikwa na kizunguzungu. Kila mara alikuwa ananiambia nimpe taarifa mapema afunge madirisha, na mimi nasahau." Alijifuta uso kwa kiganja. "Kusahau tu, Inspekta. Sikuwa na ubaya naye. Redio ya mama yangu yeye ndiye aliyeitengeneza mpaka mama anaaga dunia, na hakuwahi kumdai hata chai."

"Siku aliyokufa, mchana, ulikuwa wapi?"

"Ghalani, napokea mzigo. Ila nilikuwa naingia na kutoka. Nani atakayeniapia?"

Inspekta akamsogezea chupa. Bwana Gunia aliitazama kwa jicho la mtu wa kazi, akatikisa kichwa.

"Huyu si wangu. Angekuwa wangu ningekuwa nimefunga biashara zamani. Huyu anamaliza gunia na mpagazi wake." Midomo ikataka kucheka, ikashindwa. Machozi yakamtoka bila kelele. "Mkewe anakula? Waambieni vijana wangu wapeleke unga pale kwake. Wasiseme umetoka kwangu."

Inspekta alimwachia leso yake akatoka.

Karakana ya Fundi Redio ilikuwa chumba kimoja chenye rafu mpaka darini. Redio zilizofunguliwa matumbo zilipangwa kila mahali, na kila moja ilikuwa na kipande cha karatasi chenye jina la mwenyewe. Mjane alikuwa amekaa kwenye stuli ya mumewe. Hakuwa akifanya chochote. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, nywele nyeupe zimefunikwa kwa kanga nyeusi.

"Shikamoo, mama. Pole na msiba."

"Marahaba, mwanangu. Nimekwisha kupoa. Kaa."

Inspekta akakaa juu ya sanduku. "Asubuhi ile alikuaga akaenda wapi?"

"Hospitali ya mji wa chini. Alisema redio yao imekufa, wamemwita. Akabeba mfuko wake wa vifaa, akavaa lile sweta zito."

"Sweta zito, na mji wa chini kuna joto vile?"

"Nilimuuliza. Akasema damu yake siku hizi imepoa." Alishika bisibisi iliyokuwa mezani, akairudisha. "Nikaona ni utani wake tu."

Mfuko wa vifaa haukukutwa na maiti. Inspekta hakulisema hilo. Badala yake akauliza ni nani ambao hawajapata habari.

"Watoto wako njiani. Aliyebaki ni mdogo wangu wa kiume. Yeye anakaa kituo cha hali ya hewa, huko juu mlimani, watu wanamwita Mpima Mvua. Tangu masika yaanze redio yake imenyamaza, na aliyetumwa kumwita amekwama mtoni, maji yamejaa. Mtu na shemeji yake walikuwa kama pete na kidole, sasa tutazika na yeye hana habari." Akaivuta kanga kichwani. "Mimi ndiye niliyewatenganisha. Nilimwapisha mdogo wangu asimwite tena mume wangu huko juu. Na kizunguzungu kile, mlima wa nini?"

"Na mume wako alikubali?"

"Alikubali kwa mdomo. Wewe umeolewa?"

"Nimeolewa, mama."

"Basi unajua."

Makumbusho yalikuwa jengo la zamani lenye sakafu inayolia. Chumba cha wadudu kilikuwa ghorofani, kimejaa makabati ya droo nyembamba na harufu ya dawa ya nondo. Mtaalamu wake, mwanamke mrefu mwenye miwani ya kamba, aliitwa Dokta na kila mtu kuanzia mkurugenzi mpaka mfagiaji. Aliipokea chupa kwa mikono miwili kama mtu anayekabidhiwa mtoto mchanga.

"Mmempata wapi?"

"Kwenye ukosi wa sweta la marehemu, nyuma ya shingo. Sajini alimvuta kwa kibano, akatoka na uzi. Amekufa."

"Nani kasema amekufa?" Dokta alimmwaga mdudu juu ya karatasi nyeupe. Akalala chali, miguu imekunjwa. "Sasa tusimsemeshe. Wala tusimpulizie."

Wakakaa kimya. Nje mtu alikuwa akisukuma toroli lenye gurudumu bovu. Mguu mmoja wa mdudu ukanyooka, ukapapasa hewa. Wa pili ukafuata. Mdudu akajipindua, akasimama, akaanza kutembea kuelekea ukingo wa karatasi kwa mwendo wa mzee anayetoka kujipumzisha.

"Hiyo ndiyo kinga yake," alisema Dokta. "Akiguswa anakunja miguu na kujiangusha. Ndege anamwona ni kipande cha gome, anamwacha."

"Kwa hiyo kielelezo changu kimekuwa kikinidanganya tangu juzi."

"Hajakudanganya. Alikuwa anakuogopa."

Alimshika mdudu kwa vidole viwili, akamweka chini ya lenzi, akamwita Inspekta aangalie. Kwa ukaribu ule mdudu alikuwa kitu kingine kabisa. Mdomo ulikuwa na mifereji miwili, na vipapasio vilichomoza ubavuni mwake, vimepinda kama viwiko. Michirizi ya kutu ilikuwa magamba madogo yaliyopangana kama vigae.

"Ni fukusi kweli," alisema Dokta. "Kwa ulivyonieleza, Mkuu wako hakukosea jina la ukoo, amekosea nyumba. Wa ghalani anatoboa punje anataga humo. Huyu hawezi hata kukaa kwenye punje. Sasa angalia hapa." Alichukua sindano, akajaribu kuingiza ncha kati ya mbawa ngumu za mgongoni. Haikuingia. "Mbawa zimeungana. Ni kama mfuniko wa sanduku uliopigiliwa misumari. Na chini yake hakuna zile mbawa nyepesi za kurukia. Huyu haruki, Inspekta. Popote alipo, ama alitembea ama alibebwa."

Inspekta akaandika maneno hayo, akayapigia mstari. "Na anaishi wapi?"

"Juu, ambako ukungu hauondoki. Kuna mmea huko una shina kama nguzo na majani kichwani kama kabichi kubwa. Buu lake linakulia ndani ya shina, linakula taratibu, mwaka na zaidi. Akishakomaa anapanda juu anakula majani. Chini ya ukungu mmea huo haupo, na bila mmea yeye hana chakula wala kivuli. Joto la mjini linamuua upesi. Huyu wako bado ana nguvu, maana yake hajakaa mjini siku nyingi."

"Haiwezekani mtu alishusha mmea kuupanda bustanini, mdudu akaja nao?"

"Watu wamejaribu. Mmea unaoza. Na mdudu ningemkuta mchovu, kucha zimekatika. Huyu kucha zake nzima, na kwenye mdomo bado ana utomvu wa jani." Dokta alisimama, akavuta droo mbili, akaziweka sambamba. "Njoo uone kitu ambacho kimenila miaka."

Ndani ya droo walikuwa wamepangwa fukusi wakubwa, kila mmoja kwenye pini yake. Wa droo ya kushoto walikuwa na vinundu mgongoni na rangi ya majivu. Wa kulia walikuwa laini, wana michirizi ya kutu.

"Mlima ni mmoja, ila una migongo miwili, na katikati kuna bonde lenye joto. Asiyeruka havuki bonde. Basi wa magharibi wameoana wao kwa wao na wa mashariki hivyo hivyo, tangu zamani ambazo siwezi kukuhesabia. Sasa ni ndugu wasiofanana."

Inspekta hakuhitaji kuambiwa. Alimweka mdudu wake kando ya droo ya kulia.

"Mashariki," alisema.

"Mashariki. Hilo naweza kuapa mahakamani. Jina lake siwezi, maana hana. Sijapata madume ya kutosha kumwandika rasmi." Dokta alivua miwani. "Kuna nini mgongo wa mashariki?"

"Kituo cha hali ya hewa," alijibu Inspekta polepole. "Chenye redio iliyonyamaza."

Alikuwa anajiuliza jambo jingine tayari. "Dokta, kwenye mmea, anakaa sehemu gani?"

"Mchana wa ukungu? Juu kabisa, kwenye majani. Mimi mrefu, na bado nanyoosha mkono kuwafikia."

Fundi Redio alikuwa mfupi kuliko Inspekta. Alishukuru, akaondoka. Dokta akamfuata mpaka kwenye ngazi kumwomba kwamba kesi ikiisha, tafadhali, mdudu arudishwe akiwa hai.

Maji yalipopungua, Inspekta na Sajini walivuka mto wakapanda. Sajini alilalamika tangu kwenye mashamba ya viazi mpaka mwisho wa msitu: viatu, mgongo, mke wake aliyempikia kidogo. Walipoingia kwenye ukungu akanyamaza. Mimea ilianza kutokea mmoja mmoja, nguzo zenye vichwa, kama watu waliosimama kusubiri kuitwa. Kisha ikajaa pande zote, na njia ikapita katikati yake.

Inspekta alitembea huku akitazama juu. Majani yalipita juu ya kichwa chake bila kumgusa. Mashina tu ndiyo yaliyomsugua mabega. Alisimama.

"Sajini, nibebe."

"Umeumia, Afande?"

"Sijaumia. Nibebe mgongoni, tembea kama kawaida."

Sajini, aliyempita urefu kwa kichwa kizima, alitazama mbele na nyuma kama mtu anayetaka kuvuka barabara. Alipohakikisha kwamba shahidi ni ukungu peke yake, akainama. Inspekta akapanda, akaweka kidevu begani kwake kama angefanya mtu asiye na nguvu. Hawakwenda mbali. Majani mazito yenye maji yakampiga kisogoni, yakamburura ukosi, na kitu kigumu kikaanguka juu ya mkono wake, kikakunja miguu, kikajifanya maiti.

"Niteremshe," alisema.

Sajini alimwangalia mdudu, akamwangalia Inspekta. "Alibebwa," alisema. "Mtu alimtoa huku juu mgongoni mpaka ghalani. Ndiyo maana viatu havina tope."

"Ndiyo. Na mtu wa kuficha maiti angemsukumia kwenye korongo. Tumepita mangapi?"

"Mengi."

"Yeye alimpitisha yote hayo."

Kituo kilikuwa nyumba ya mbao yenye chumba kimoja, mlingoti wa chuma ubavuni, na uani vyombo vyeupe vya kupimia mvua na upepo. Ngazi ya mlingoti ilikuwa inatiririka maji. Waya mmoja ulining'inia kutoka juu, haujafungwa. Chini ya ngazi kulikuwa na jiwe kubwa, nalo lilikuwa limesuguliwa na kuoshwa mpaka likawa jeupe kuliko mengine yote.

Mpima Mvua alifungua mlango kabla hawajabisha. Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, mabega mapana, macho mekundu.

"Karibuni ndani, mtalowa," alisema.

Juu ya meza ya redio kulikuwa na mfuko wa ngozi uliofunguliwa. Bisibisi, koleo na vipande vya waya vilipangwa juu ya kitambaa kwa ukubwa, vile vile kama kwenye karakana mjini. Hakuna aliyevigusa tangu mwenyewe alipoviacha.

"Mfuko huu ni wa nani, mzee?" aliuliza Inspekta.

"Wa shemeji yangu."

Hakujaribu kukwepa. Alivuta viti viwili, yeye akakaa kitandani.

"Mmejuaje?"

Inspekta aliweka chupa ya jemu mezani. Mpima Mvua aliinama akamtazama mdudu, na kitu usoni mwake kikalegea.

"Huyu wa hapa. Nawaona kila siku. Kumbe tulishuka naye."

"Tueleze."

"Sikumwita mimi. Nilikuwa nimeapa kwa dada yangu. Ila alisikia redio yangu imenyamaza, akaja mwenyewe. Nilimwona anatokea kwenye ukungu na mfuko wake, anacheka. Nikamwambia rudi. Akasema, niache nifungue nione tu. Akaona. Redio ilikuwa nzima, shida ni waya wa juu. Nikasema napanda mimi. Akasema wewe utafunga fundo la kufungia mbuzi. Nikageuka kuchukua kamba ya kumfunga kiunoni. Kugeuka tu."

Alitazama dirishani, kule kwenye ngazi na lile jiwe jeupe. Sajini alikuwa amevua kofia.

"Alikuwa hai?" aliuliza Inspekta.

"Hai, anaongea. Redio haifanyi kazi, ningemwita nani? Nikamfunga mgongoni kwa blanketi, nikashuka. Nilisema nikifika mjini tu, hospitali ile pale. Mto ulikuwa umeanza kujaa, nikauvuka maji yakinifika kifuani. Tulipotoka mtoni akawa mzito. Nilijua, lakini nikasema labda amelala. Nikaendelea kumsemesha mpaka kwenye yale maghala. Jua lilikuwa linazama, wameshafunga. Nilipomteremsha alikuwa wa baridi."

"Kwa nini hukwenda nyumbani kwa dada yako? Ni mwendo mfupi kutoka pale."

"Nilikwenda. Nilifika mpaka kwenye kona nikaona taa yake. Mlango wazi, anamsubiri." Alisugua magoti yake. "Ningemwambia nini? Nilirudi nikamlaza vizuri, nikatafuta kitu cha kumwekea kichwani. Nikasema asubuhi na mapema watu wa ghala watamwona, watampeleka kwake, kuliko mimi nimpelekee. Kisha nikapanda usiku ule ule, kabla mto haujafunga njia. Tangu hapo kila asubuhi najiambia leo nashuka. Nikifika kwenye ile mimea, miguu inagoma."

"Unajua nini kimetokea mjini baadaye?"

"Wamemzika?"

"Bado. Mwenye ghala amekamatwa. Anashtakiwa kwa kuua."

Mpima Mvua alimtazama kama mtu aliyesemeshwa kwa lugha asiyoijua.

"Bwana Gunia? Kwa sababu ya lile gunia?"

"Kwa sababu ya gunia, na ugomvi, na mahali maiti ilipokutwa."

"Yuko ndani? Sasa hivi tunavyokaa hapa?"

"Yuko ndani."

Alisimama akachukua koti lake msumarini. Sajini akasema wapumzike kwanza, angalau wanywe chai, ukungu ulikuwa mzito. Mpima Mvua alikuwa tayari anarudisha vifaa kwenye mfuko, kimoja kimoja, kwa mpangilio ule ule.

"Nyinyi kunyweni, birika liko pale," alisema. "Mimi natangulia."

Hawakunywa.

Mkuu wa Kituo alisikiliza maelezo yote bila kukatiza. Alimsikiliza Inspekta, akamsikiliza Mpima Mvua, akasoma barua ya Dokta. Daktari alikuwa ameletewa kipimo cha jiwe na picha ya ngazi, akasema jeraha linakubaliana na kuanguka. Mkuu akaifunga faili ya mauaji na kufungua nyingine, nyembamba, ya kutotoa taarifa ya kifo.

"Hiyo haiepukiki," alimwambia Inspekta. "Lakini nitaandika mwenyewe maelezo ya kumwombea huruma." Akakohoa. "Na huyo mdudu wako, mwondoe kwenye meza yangu. Ananitazama."

Bwana Gunia alitolewa akakalishwa kwenye benchi la mapokezi asubiri kusaini. Mpima Mvua alikuwa mwisho wa benchi hilo hilo, mfuko wa ngozi mapajani. Walikuwa hawajasemeshana. Kisha Bwana Gunia akasogea kidogo, akasema bila kumtazama, "Ulimbeba kutoka kule juu peke yako?"

"Peke yangu."

"Ungegonga ghalani. Mimi hulala mle nikipokea mzigo. Ningekusaidia."

Mpima Mvua aliinamisha kichwa.

Mjane aliingia akiwa ameshikwa mkono na binti yake. Inspekta alikuwa amekwenda kumweleza mwenyewe, nyumbani, kila kitu, na mjane alikuwa amesikiliza hadi mwisho bila kuuliza swali hata moja. Sasa alipomwona mdogo wake alimwachia binti mkono, akaja peke yake mpaka mbele ya benchi. Mpima Mvua akainuka. Mfuko ukataka kuanguka, akaudaka.

"Dada."

"Niliacha mlango wazi," alisema mjane. "Uliuona?"

"Niliuona."

"Ukarudi."

"Nilirudi, dada."

Karani wa mapokezi aliacha kuandika. Mjane alimtazama mdogo wake kwa muda, uso, mabega, mikono iliyochubuliwa na blanketi.

"Alisema nini njiani?"

Mpima Mvua aliushika mfuko kwa mikono miwili.

"Alisema nimteremshe, nipumzike. Alikuwa anasema mara kwa mara. Shemeji, niteremshe, utavunjika mgongo."

"Ukamteremsha?"

"Hapana."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja, dada. Mpaka nilipofika."

Mjane alifumba macho. Alipoyafumbua alikaa kwenye benchi, katikati ya Bwana Gunia na mdogo wake, akamvuta mdogo wake kwa koti akaketi pia. Akauchukua mfuko wa ngozi kutoka mapajani mwa mdogo wake, akauweka juu ya mapaja yake mwenyewe.

"Basi hakufia chini," alisema.